Nilivyoamrisha Gwaride Bila Cheo

Wenzangu, leo nimeaibika kijeshi. Aibu za kawaida nazijua, tushazoeana. Hii ya leo ilivaa buti na bereti.

Nasimulia mwenyewe kabla Mama Furaha hajawasimulia, maana yule akifungua mdomo atatia chumvi mpaka mnifanyie maombi. Kaeni vizuri.

Mnamjua Wakesho wangu. Kwa wageni wa kundi hili: ni kifungua mimba wangu, kazaliwa hapa hapa Stockholm, kakulia Fisksätra, na tangu mwaka juzi yuko chuo cha kijeshi anasomea uafisa. (Ndiyo, huyo huyo aliyekuwa akiona konokono analia.) Ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiswidi. Lakini kusikia, anasikia kila neno, hasa yale usiyotaka ayasikie.

Chuo chao kina mpango wa kubadilishana na vyuo vya wenzao wa Ulaya. Vijana wanaosomea uafisa wanatoka Ureno, Ugiriki, Poland, Italia, wanakuja kufunzwa pamoja na wa hapa. Wanachanganywa kikosi kimoja, wanalala msituni, wanakula chakula cha pakiti, ili waaminiane mapema kabla hawajawa wakubwa wenye nyota mabegani na maneno mengi. Mwisho wa mafunzo, mmoja wa hapa anachaguliwa kwenda kusoma kwa wenzao muhula mzima. Safari hii nafasi ilikuwa ya Ureno. Moja tu.

Na Wakesho aliitaka. Hakusema, lakini mimi ni mama yake. Alikuwa akiosha vyombo huku simu inamfundisha Kireno! Mtoto niliyemsemesha Kiswahili tangu tumboni akanijibu "mm" miaka yote, sasa anasimama kwenye sinki langu anaiambia simu "bom dia" kwa adabu zote. Moyoni nikasema, Mungu mpe, hata kama ni lugha ya wenyewe.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya gwaride la kufunga mafunzo. Kila kikosi kingeongozwa na mmoja wao mbele ya wakubwa, na kanali wa mafunzo angewatazama aone nani anaweza kuongoza watu wa mataifa mengi bila kuyumba. Kikosi cha mchanganyiko, chenye Mgiriki na Mpolandi na kila mtu, kilipewa Wakesho. Baada ya gwaride, kanali angesema nani anakwenda Ureno. Kwa hiyo mnaelewa. Hapo hapakuwa mahali pa mchezo.

Jumapili iliyopita alikuja nyumbani na Mreno wao, binti mmoja mchangamfu anaitwa Inês. Nilimpenda papo hapo. Alikula chapati, akaomba nyingine. (Kwangu mtu akiomba chapati ya pili ni ndugu, hatuhitaji karatasi.) Katikati ya chakula akanitazama, akaanza kucheka peke yake.

"Mama," akasema kwa Kiingereza chake, "kuna kitu Wakesho alitufundisha kule msituni..."

Wakesho akamkata jicho. Jicho lile nalijua, ni langu, kalirithi. Inês akarudi kwenye mchuzi. Mimi sikuchimba. Nilidhani ni siri za jeshi, nisije nikatafutwa.

Kabla hawajaondoka, Wakesho akanivuta jikoni. Akaweka Kiswidi pembeni, akashika Kiswahili. Nikajua mambo ni mazito.

"Mama, siku ya gwaride, tafadhali. Hakuna vigelegele."

"Hata kimoja?"

"Hata nusu."

"Na jina lako likitajwa?"

"Unakaa. Unanyamaza. Watu watapiga makofi mwisho, wote pamoja. Mama, niahidi."

Nikaahidi, na nilikuwa namaanisha. Lakini nyinyi mnanijua nilikotoka. Kwetu Taita mtoto akitajwa mbele za watu pakawa kimya, watu wanageuka kutazamana. Huyu hana kwao? Ukoo mzima umekwisha? Kigelegele ndicho kinachowaambia kwamba mtoto ana mama, na mama yupo, tena yuko macho. Sasa hapo mimi nimeahidi kukaa kama sijamzaa.

Shida ya kwanza: Baba Wakesho alikuwa zamu, anaendesha basi. Yule ndiye breki yangu. Akinishika kiwiko hivi, natulia. Shida ya pili: kiti chake nikampa Mama Furaha.

Mama Furaha wa Jordbro, Mkongo wetu, mnamjua. Nampenda kama dada, lakini breki hana, ana mafuta. Alikuja na kilemba kirefu mpaka kwenye treni mzee aliyekaa nyuma yetu akahamia kiti kingine, taratibu, bila kulalamika, kama wanavyofanya. Mimi nilivaa gauni la kitenge, na leso kiunoni chini ya koti. (Leso ya nini kama sikupanga kitu? Msiniulize. Mama hatoki bila leso.)

Tukafika, tukakaa mstari wa mbele. Uwanja umefagiliwa, bendera za nchi zao zimepangwa, jua linawaka lile la mwezi wa tano, la kupigia picha tu, baridi iko pale pale. Wazazi wa Kiswidi wamekaa wametulia. Wametulia, nawaambia! Unasikia mtu akifungua zipu ya koti mstari wa nne. Jirani yangu, baba mmoja mwenye chupa ya kahawa, alikuja kumtazama mwanawe wa kikosi cha pili. Nikamuuliza kwa sauti ya chini watu wanashangilia saa ngapi.

"Mwisho," akaninong'oneza. "Baada ya hotuba. Hurra nne, wote kwa pamoja."

Hurra nne. Zimehesabiwa. Nchi hii hata furaha inachukua namba na kungoja kuitwa.

Kikosi cha kwanza kikatoka. Kijana anakiongoza, jina likatajwa kwenye spika, kimya. Mama yake alikuwa viti viwili kutoka kwetu. Alifuta pua kwa kitambaa, akakirudisha mfukoni. Basi. Sherehe yake ikaishia hapo.

Mama Furaha akaniinamia. "Mais mama, hii ni kilio ao ni sherehe?"

"Nyamaza. Niliahidi."

"Weye njo uliahidi. Miye sikuahidi kitu."

"Mama Furaha!"

"Bon, bon. Nanyamaza."

Kikosi cha pili kikapita, yule baba akaweka kikombe chini kwa heshima, akakichukua tena. Kisha Wakesho akatoka.

Wenzangu. Sijui niwaambieje. Mgongo umenyooka, bereti imekaa upande, na nyuma yake watoto wa watu wa Ulaya nzima, wengine warefu kuliko mlango wangu, wanakwenda anavyotaka yeye. Akatoa amri, buti zote zikatua mara moja. Akatoa nyingine, wakageuka pamoja. Yule mtoto ukimtuma chumvi anakuletea sukari! Nilijivuna mpaka koti likanibana. Nikalia kidogo. Machozi hayakukatazwa.

Mpaka hapo nilikuwa salama.

Sasa spika ikataja jina. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia wakiliharibu, maana jina la Wakesho hapa limeshapata ajali nyingi. Hawakuliharibu. Walilitaja lote, sawasawa, kama linavyotajwa kwetu Wundanyi. Na Wakesho ni jina la mama yangu mzazi. Jina la mama yangu, mwanamke ambaye hajawahi kupanda ndege, likasikika kwenye uwanja wa maafisa, bendera zote zinasikiliza.

Halafu kimya. Hakuna hata aliyekohoa. Nikang'ata pindo la leso. Nikatazama buti. Nikatazama mawingu. Nikasema, mwanangu, nimeahidi, nimeahidi, nimeahidi.

Mama Furaha akanong'ona, polepole kabisa, "Mama... batasema mutoto hana batu."

Kikanitoka.

Na hakikuwa nusu, jamani. Kilikuwa kirefu, kile cha bibi harusi akifika mlangoni, kinapanda, kinazunguka, kinashuka. Nilikuwa nimesimama na leso iko hewani kabla sijajua nimeinuka. Yule baba wa kahawa akanitazama kama ving'ora vya hatari vimelia na yeye hajui pa kujificha.

Nikaziba mdomo. Nikasema, basi, nitatazamwa vibaya, nitakaa, yatapita.

Hayakupita. Mgiriki wao, yule mrefu kuliko wote, alikuwa wa kwanza. Aliruka kutoka kwenye mstari akaja mbio. Halafu Mpolandi. Halafu kikosi chote! Wanakimbia, wanakuja kwangu, buti zinatikisa viti, macho makali, hakuna anayecheka. Nikasema, nimekwisha, huku kupiga kigelegele ni jinai na mimi sikusoma sheria. Mama Furaha alikuwa ameshainua mikono miwili juu.

"Pardon! Ni yeye! Si miye, ni yeye!"

(Urafiki wa miaka kumi na mitano. Nimeuona mwisho wake.)

Hawakunikamata. Waliruka kamba iliyotutenga na uwanja, wakatuzunguka duara, wakapiga goti moja chini, migongo kwetu, nyuso nje. Katikati ya duara ni mimi, Mama Furaha na mikono yake juu, na baba wa watu na kikombe chake cha kahawa. Tunalindwa. Tunalindwa na nusu ya Ulaya, na hakuna anayejua dhidi ya nani.

Nikatazama uwanjani. Wakesho alikuwa amesimama peke yake katikati. Kamanda hana askari hata mmoja. Kanali anamtazama, wakubwa wa nchi zote wanamtazama, na mikono yake imenyooka ubavuni kama walivyomfundisha.

Hapo ndipo aibu ilipoingia mwilini. Mimi nimezoea kuchekwa. Lakini nimemvua mtoto cheo mbele ya watu, kwa mdomo wangu huu.

Inês alikuwa amepiga goti mbele ya kiti changu. Bila kugeuka akaniuliza, "Mama, tuko tayari. Hatari iko wapi?"

"Hatari gani? Mwanangu, mnafanya nini hapa?"

Akageuka. Akaniona mimi, akaona leso, akamwona Wakesho kule. Rangi ikamtoka.

"Ni wewe uliyetoa ile ishara?"

"Ishara gani tena?"

Akaniambia haraka haraka, kwa kunong'ona. Kule msituni filimbi ya Wakesho ilizama kwenye tope. Upepo mkali, miti, kila mmoja na lafudhi yake ya Kiingereza, akipiga kelele hakuna anayesikia kitu. Wakesho akasimama juu ya jiwe akapiga "ile sauti". Wakaisikia wote, mpaka waliopotea. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria ya kikosi: ukisikia ile sauti, acha kila kitu, kimbia inakotoka, fanya duara. Na kwa kuwa walimu wao wanapenda kuwapima kwa kuwashtukiza, walidhani huu ndio mtihani wa mwisho.

Ebo! Kumbe! Mtoto aliyenikataza hata nusu, msituni anavipiga vizima vizima! Anavifundisha! Wagiriki wanavijua!

Nawaambia ukweli, sikujua nilie au nicheke. Nilikuwa nimeharibu siku ya mwanangu, na papo hapo nilikuwa sijawahi kumwonea fahari kama dakika ile.

Kanali akainuka kitini. Ni mwanamke mrefu, mkavu, hana haraka. Akaanza kwenda kwenye ngazi za jukwaa. Uwanja mzima ukamgeukia Wakesho. Nikasema moyoni, Ureno imekwenda, nimeila mimi.

Nikamwona mwanangu anavuta pumzi. Kifua kikapanda. Akainua kidevu, na mbele ya majenerali na mabalozi na bendera, Wakesho akapiga kigelegele.

Jamani! Kilikuwa kikali kuliko changu. Na kilikuwa na ule mkato wa mwisho wa mama yangu, ambao mimi mwenyewe umenishinda mpaka leo. Sikumfundisha. Kumbe zile simu za Jumapili na bibi yake, alizokuwa akipokea akiwa amejilaza na uso wa kuchoka, alikuwa anasikiliza.

Kikosi kikainuka kama kimevutwa na kamba. Mbio, wote, mpaka kwake, duara, goti, kimya. Akawapa amri, wakasimama. Amri ya pili, mistari imenyooka. Amri ya tatu, mguu sawa, na usingejua kama kuna mtu aliwahi kutoka mahali pake.

Wageni wakadhani ni onyesho. Yule baba wa kahawa akaanza kupiga makofi bila kusubiri hotuba wala hurra, kahawa ikamwagikia suruali, na wengine wote wakafuata. Waswidi, nawaambia, wamesimama! Mama Furaha naye akashusha mikono akaanza kuwapungia watu, kana kwamba yeye ndiye aliyeandaa.

Sasa ikaja "fika", yaani chai yao ya baada ya mambo. Nilijibanza nyuma ya meza ya mikate ya mdalasini. Mwili wangu huu, na gauni la kitenge, najibanza nyuma ya mikate. Nikaona buti zinakuja. Wakesho, na kanali nyuma yake.

"Mamma," akasema Wakesho. Neno moja, kwa Kiswidi. Limenitosha.

Kanali akauliza, kwa upole unaotisha, "Nani alitoa ishara ya kwanza?"

Kila mtu akanitazama. Mama Furaha akasogea hatua moja pembeni, akawa anasoma lebo ya maziwa. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikachutama pale pale.

"Ni mimi, Kanali. Mtoto hana kosa. Alinikataza, nikamwahidi, nikavunja. Kama kuna adhabu nipeni mimi. Niko zamu kesho kwa wazee ninaowatunza, lakini kesho kutwa nina nafasi, hata kufagia huu uwanja nitafagia."

Kanali akakoroga kahawa yake. Akakoroga sana. Kahawa nyeusi, haina hata sukari, anakoroga nini?

"Gwaride zuri halinionyeshi kitu," akasema mwisho. "Wote wanajua kutembea. Mimi nataka kumwona afisa siku amepotelewa na kikosi chake, watu wanamtazama. Siwezi kumpima mtu hivyo, kwa sababu hakuna anayethubutu kuniharibia gwaride." Akanywa. "Alikipata tena kikosi kabla sijafika kwenye ngazi. Anakwenda Ureno."

Nikavuta pumzi. Wakesho akaniwahi. Akaniziba mdomo kwa glavu ya jeshi, mkono mzima, mbele ya kanali. Kisha akaniangukia begani, bereti ikamtoka, na akasema kwa Kiswahili, polepole, "Mama, niliogopa."

"Na mimi mwanangu. Nisamehe."

"Sikusamehe leo," akasema. "Lakini usinitoke." Akanishika zaidi.

Tukasimama hivyo. Inês akaja na mikate miwili, mmoja wake, mmoja wangu. Kanali akatusubiri kwa ustaarabu, halafu, uso mkavu vile vile, akaniambia, "Ureno ni mbali. Angalau huko kikosi hakitakusikia."

Wakesho akaniziba tena; nikaitoa glavu mdomoni.

"Kanali," nikamwambia, "leo nilikuwa najizuia."

Basi, hayo ndiyo yaliyonipata. Video waliyorekodi watu imeshafika kwa Baba Wakesho, kaiona kituo cha mwisho cha basi, na ujumbe alioniandikia ni huu: "Ni wewe?" Sijamjibu. Anayetaka kucheka acheke, sina nguvu ya kumzuia, lakini ampongeze binti yangu kwanza. Na mwenye kujua ndege nzuri za kwenda Lisbon aniandikie pembeni, maana Wakesho naye yumo kwenye kundi hili.